Mazda MX-5 ya Uingereza kwenda Dodoma: kagua chini ya mlango kwanza

Huku Uingereza barabara humwagiwa chumvi majira ya baridi ili zisishike barafu, na chumvi hiyo ndiyo inayozimaliza Mazda MX-5, gari dogo la viti viwili na paa la turubai, hasa za toleo la kwanza, za 1989 hadi 1997. Anayetaka kununua moja aifufue nyumbani Dodoma kwa kawaida huanza kuuliza habari za injini. Injini ni ngumu na vipuri vipo. Kinacholiua gari hili ni bodi. Tena usijidanganye kwamba ukavu wa Dodoma utaitibu: chumvi iliyojibana kwenye maungio ya bati huendelea kunyonya unyevu, na mvua za Desemba zikianza kutu inaendelea pale ilipoishia.

Kabla ya kwenda kuliona gari, omba namba yake usome historia ya ukaguzi wake wa kila mwaka, MOT. Iko wazi mtandaoni, bure. Kama kutu imetajwa miaka kadhaa kisha ikatoweka ghafla, dai risiti ya kuchomelea. Isipokuwepo, huenda mtu amepaka lami nyeusi tu kuificha.

Ukifika, nenda moja kwa moja kwenye boksi la bati linalopita chini ya mlango, hasa robo yake ya mwisho, mbele ya tairi la nyuma. Gari lisilo na paa la bati hutegemea maboksi hayo mawili lisijikunje katikati. Huoza kutokea ndani. Maji ya paa la turubai hushuka kwenye mifereji iliyo nyuma ya viti na kutokea chini, karibu na tairi la nyuma. Majani na uchafu vikiziba, maji hufurika na kutuama humo. Mimina nusu lita polepole kwenye mfereji wa kila upande: yasipotoka chini, au kapeti ya nyuma ya viti ikiwa mbichi, tegemea kazi kubwa.

Pitisha sumaku iliyofungwa kitambaa chembamba kwenye boksi na kwenye kingo za madigadi ya nyuma. Isiponasa, hapo ni puti, ule udongo wa kuzibia mashimo kabla ya rangi. Gonga kwa mpini wa bisibisi: bati zima hulia, lililooza hutoa sauti butu. Kisha, muuzaji akikubali, fungua na ufunge mlango gari likiwa chini, halafu rudia likiwa limeinuliwa kwa jeki upande huohuo. Mlango ukianza kukwama, au nafasi inayouzunguka ikibadilika, muundo umelegea. Jeki ikizama kwenye bati, shusha gari, shukuru, ondoka.

Kwenye buti, inua kapeti chini ya betri, upande wa kulia. Betri ya kawaida isiyo na mpira wa kutolea hewa nje huvuja asidi ikala sakafu. Kiraka hapo ni kazi ndogo. Dirisha la nyuma la plastiki likiwa limekakamaa, hesabu turubai jipya. Jua la Dodoma halitalionea huruma.

Injini ya 1.6 ya 1989 hadi katikati ya 1991 ina ncha fupi ya krenki, yaani shafti kuu ya injini inayoshika puli ya mbele. Tazama puli ya mbele injini ikiunguruma: ikiyumba, achana nayo, maana ufunguo wa krenki, kile kipande cha chuma kinachozuia puli isizunguke peke yake, unalika. Hizo zenye ncha fupi puli ina mikato 4, za baadaye 8.

Fundi wa bodi wa Dodoma anaweza kubadilisha maboksi, ila mwambie mapema: achomelee nondo za kuunga tundu la mlango kabla ya kukata chochote, la sivyo gari litajikunja na mlango hautafunga tena. Bati la milimita 1 hadi 1.2 linatosha, lichomelewe kwa vipande vifupi lisijipinde, na ndani ya boksi ipulizwe nta baada ya rangi. Piga hesabu ya kazi hiyo pamoja na usafiri na nyongeza ya kodi ambayo TRA, mamlaka ya mapato ya Tanzania, huyatoza magari yenye umri mkubwa, ndipo utaje bei kwa muuzaji.

Toleo la pili, 1998 hadi 2005, lina ugonjwa mwingine: reli za chasisi za mbele, karibu na mikono ya chini ya magurudumu. Ni bati juu ya bati, hivyo la nje huonekana zima wakati la ndani limekwisha. Hapo tochi pekee haitoshi. Liinuliwe kwenye lifti, na lami ikwanguliwe mbele ya macho yako.