Pampu ya joto haitengenezi joto, inalihamisha

Gusa mgongo wa friji: una joto. Ni joto lililotolewa kwenye vyakula na kumwagwa nje. Pampu ya joto ya hewa hufanya kazi hiyohiyo, ila inachota kwenye hewa ya nje na kumwaga ndani ya nyumba.

Feni huvuta hewa kupitia koili yenye gesi ya friji, ambayo hapo bado ni kimiminika. Propani (R290), mojawapo ya gesi hizo, huchemka kwenye nyuzi -42 kwa presha ya kawaida ya hewa, kwa hiyo hata hewa ya nyuzi 0 inatosha kuichemsha. Kompresa huubana mvuke wake, nao hupanda joto, hupasha maji ya rejeta (vyuma vya ukutani vinavyopasha chumba), kisha hurudi kuwa kimiminika. Valvu ya upanuzi hushusha presha, safari inaanza upya.

Umeme unaendesha kompresa, feni na pampu ya maji tu, ndiyo maana yuniti 1 ya umeme huweza kuleta yuniti 3 hadi 4 za joto. Hita ya kawaida hurudisha 1 kwa 1.

Ila hesabu hiyo hutegemea maji yako ni ya moto kiasi gani. Kwa nyuzi 35, zinazotosha mabomba ya kupasha joto sakafuni, kompresa inapumua. Kwa 55 inahema, na bili inapanda. Kila nyuzi moja unayoshusha huokoa takriban asilimia 2 hadi 3 ya umeme. Kwa hiyo kabla ya kulaumu mashine, tazama rejeta: zikiwa ndogo, zitalazimisha maji ya moto zaidi. Ziba kwanza mianya ya upepo, ndipo ununue pampu.

Kosa jingine ni kununua kubwa mno “kwa usalama”. Itawaka na kuzima kila dakika chache, na kompresa itachakaa mapema. Ukubwa upimwe kwa joto linalopotea nyumbani.

Hewa ikiwa na unyevu na karibu na nyuzi 0, koili hushika barafu. Valvu ya njia nne hugeuza mzunguko kuiyeyusha. Wingu litakalotoka ni mvuke, si moshi. Maji yanayodondoka yapewe njia, la sivyo yataganda chini ya mashine.

Nyumba haipati joto? Pima maji yanayotoka na yanayorudi. Tofauti ya nyuzi 5 hivi ni ya kawaida. Ikifika 10, maji yanapita machache: anza na chujio, halafu toa hewa kwenye mabomba.