Mbayuwayu kwenye dohani yetu

Ilianza mwezi wa Juni, katika nyumba yetu kuukuu ya matofali hapa Columbus, Ohio. Ukuta wa sebuleni ulikuwa unanguruma kama radi ya mbali, unanyamaza, kisha vinafuata vilio vikali vya vitu vidogo vingi kwa pamoja. Alfajiri mpaka giza liingie. Mke wangu alidhani ni panya.

Nikamwita fundi wa dohani, ile njia ya moshi iliyojengwa ndani ya ukuta. Akapanda, akamulika tochi, akasema ni ndege na kwamba angewatoa siku hiyohiyo nikimlipa. Namshukuru Mungu kwamba nilisita. Usiku ule nilisoma mpaka saa saba: ni aina ya mbayuwayu ambao kwa Kiingereza huitwa chimney swift, na wanalindwa na sheria ya Marekani ya ndege wahamaji ya mwaka 1918. Kiota chenye mayai au makinda hakiondolewi bila kibali. Asubuhi nikampigia fundi nikamwambia asije.

Zamani ndege hawa walitaga ndani ya miti mikubwa yenye mapango. Miti ilipokatwa wakahamia kwenye dohani. Hawawezi kutua tawini kama shomoro. Miguu yao imeumbwa kung'ang'ania ukuta wima tu. Sasa dohani nazo zinazibwa, na idadi yao imepungua zaidi ya nusu tangu miaka ya 1960. Baada ya kulijua hilo, sikuweza tena kuwaona kama kero.

Nilimpigia mama, Tanga. Shikamoo, marahaba, nikamsimulia.

"Si ndio ndugu zao wale wa kwenye minazi?" akaniuliza. "Wanaobandika kiota kwa mate?"

Ndio haswa. Wale wa kwetu hugandisha kiota na mayai kwenye kuti kwa mate. Hawa wa huku hukata vijiti vikavu wakiwa wanaruka, wakavigandisha kwa mate kwenye tofali, mfano wa nusu kisahani.

"Basi waache wakuze watoto wao, mwanangu. Ni wageni hao."

Siku mbili baadaye, baada ya mvua kubwa, nilimkuta kinda kwenye majivu chini ya dohani. Kile kibati cha kufungia njia ya moshi kilikuwa wazi tangu majira ya baridi. Nikampigia mama mmoja wa mji huu mwenye leseni ya kutibu wanyamapori. Akauliza kama macho yamefumbuka. Yamefumbuka. Basi usimlishe, akasema, usimpe maji. Mpandishe juu ya kibati, umwegemeze kwenye tofali, atashika mwenyewe.

Nilivaa glovu nikamwinua. Mwepesi, utadhani umeshika kipande cha pamba chenye masizi. Kucha zake zilinasa kwenye glovu kiasi kwamba ilibidi nimbandue ukucha mmoja mmoja, na manyoya ya mkia yalikuwa na ncha kama miiba, ya kujitegemezea ukutani. Nilipomgusisha tofali aliling'ang'ania palepale, akaanza kupanda gizani. Nusu saa baadaye nilisikia vile vilio vya kulishwa.

Hilo liliwezekana kwa sababu tofali lina mikwaruzo. Kama dohani yako ina bomba la chuma ndani, izibe kabla hawajafika, maana chuma kinateleza na makinda huanguka wakafa.

Kisha nikafunga kibati na kushindilia sponji nene chini yake. Kelele ilipungua sana. Kilichonisaidia zaidi lakini ni kujua hesabu: mayai huatamiwa kama siku 19, makinda hutoka kuruka wakifikisha mwezi hivi, na kelele huzidi majuma mawili ya mwisho. Niliandika tarehe ukutani na watoto wakawa wanahesabu. Mwisho wa Julai pakawa kimya.

Mwezi wa Oktoba, walipokwisha kuondoka kuelekea bonde la Amazon, nilimleta fundi mwingine. Alisafisha masizi na kutoa kiota kitupu. Nilitaka kukiweka kabatini, akaniambia sheria inaruhusu kukiondoa lakini si kukihifadhi. Nikakipiga picha kiganjani mwake, vijiti viking'aa kwa mate yaliyokauka, nikamtumia mama. Kisha tukafunika dohani kwa wavu. Mwezi wa Machi nitaupandia ngazi niutoe, kabla hawajarudi.