Siku ya Pili ya Msamaria

Somo: Luka 10:30–37

Wapendwa katika Kristo, Bwana Yesu asifiwe.

Tunapousoma mfano wa Msamaria mwema, mara nyingi tunaishia barabarani: yule mtu aliyeangukia mikononi mwa wanyang'anyi, kuhani na Mlawi waliopita kando, kisha yule mgeni aliyemhurumia, akamfunga jeraha zake akizitia mafuta na divai. Mahubiri hufikia kilele hapo, sadaka hukusanywa, nasi tunarudi nyumbani. Luka hakuishia hapo. Mstari wa 35 unaanza kwa maneno "Hata siku ya pili", na siku hiyo ndiyo ninayotaka tuitazame juma hili, tukipitia maisha ya daktari mmoja wa jeshi la Marekani ambaye siku yake ya kwanza ilikuwa njema kuliko ya wengi wetu, na ambaye siku yake ya pili ilichukua karibu miaka 30.

William Beaumont alizaliwa mwaka 1785 katika jimbo la Connecticut, mwana wa mkulima. Hakuingia chuo chochote cha udaktari. Alijifunza kazi kwa kukaa chini ya daktari mzoefu huko Vermont, kama ilivyokuwa desturi ya wakati ule, na mwaka 1812, Marekani na Uingereza zilipoingia vitani, akajiunga na jeshi akiwa msaidizi wa daktari mpasuaji. Mwezi Aprili 1813 alikuwa pamoja na jeshi lililoushambulia mji wa York, ambao leo ni Toronto. Waingereza walipokuwa wakirudi nyuma walililipua ghala lao la baruti, na mawe na magogo yakawaangukia askari wa Marekani, yakamuua jenerali wao, Zebulon Pike, na kujeruhi watu zaidi ya 200. Beaumont, akiwa na umri wa miaka 27, alikesha akikata mikono na miguu na kutoboa mafuvu, pasipo kula wala kulala, huku majeruhi wakimlilia awakate kiungo chochote kile mradi maumivu yaishe. Katika daftari lake la vita aliuliza ni nani awezaye kuyatazama mambo hayo bila moyo wake kuumia. Nawaombeni mlikumbuke daftari hilo, kwa sababu mtu tunayemtafakari hakuwa na moyo wa jiwe.

Baada ya vita alifanya kazi yake uraiani kwa miaka michache, kisha akarudi jeshini na mwaka 1820 akapelekwa mpakani, kwenye ngome ya kisiwa cha Mackinac, mahali ambapo ziwa Huron na ziwa Michigan hukutana. Wakati wa baridi kisiwa kilikuwa kama kimefungwa na barafu. Wakati wa kiangazi kilijaa wapiga makasia wa Kanada, wawindaji, na wenyeji wa asili waliokuja kuuza ngozi zenye manyoya kwa kampuni ya tajiri John Jacob Astor. Daktari alikuwa yeye peke yake, kwa askari na kwa raia, na mshahara wake ulikuwa kama dola 40 kwa mwezi.

Tarehe 6 Juni 1822, ndani ya duka la kampuni hiyo, bunduki iliyojazwa marisasi ya kuwindia bata ilifyatuka kwa bahati mbaya, na mtu aliyekuwa umbali wa hatua moja hivi, kijana mpiga makasia aitwaye Alexis St. Martin, akaanguka huku shati lake likiwaka moto. Jeraha lilikuwa upande wa kushoto, chini kidogo ya ziwa, pana kama kiganja cha mkono. Beaumont alipofika alikuta sehemu ya pafu, kubwa kama yai la bata mzinga, imetokeza nje, na chini yake tumbo lililotoboka, likimwaga chakula alichokuwa amekula kijana asubuhi ile. Alitamka kwamba huyu hatamaliza saa 36. Hata hivyo alikisafisha kidonda, akakata vipande vya mfupa na nguo vilivyokuwa vimezama ndani, akakifunga, na kesho yake akarudi kukifunga tena. Kwa siku 17 kila kitu alichokula St. Martin kilitokea jerahani. Baada ya hapo, kwa bandeji zilizokazwa vizuri, chakula kikaanza kukaa.

Mwaka uliofuata wakuu wa mji walichoka. Kijana alikuwa maskini, hana ndugu kisiwani, hawezi kazi, na walikata shauri kumpakia mtumbwini na kumrudisha kwao Kanada, safari ya zaidi ya maili 1,000, ambayo bila shaka ingemuua. Beaumont alikataa. Akiwa na mke na mtoto mdogo, na mshahara ule tuliouona, alimchukua nyumbani kwake, akamlisha, akamvika, akamlaza, akakifunga kidonda chake kila siku. Sijui kama ndani ya kundi letu hili kuna anayeweza kusema amefanya zaidi ya hayo kwa mtu ambaye si damu yake. Kuhani na Mlawi wa Mackinac walikuwa wamekwisha kupita kando, huyu alisimama.

Kidonda kilipona kwa namna ya ajabu. Kingo za tumbo zilishikamana na kingo za jeraha, likabaki tundu ambalo halikuziba, nalo likaota utando mwepesi uliozuia chakula kisitoke lakini ulioweza kusukumwa kwa kidole. Daktari akichungulia aliweza kuona ndani ya tumbo la mtu aliye hai. Wakati huo wasomi wa Ulaya walikuwa bado wakibishana kama tumbo husaga chakula, hukipika kwa joto, hukiozesha, au lina maji yanayokiyeyusha. Daktari asiye na shahada, huko mwisho wa dunia, akatambua kwamba jibu linakaa nyumbani kwake na kula mezani kwake.

Tarehe 1 Agosti 1825, saa sita mchana, alichukua uzi wa hariri, akafunga juu yake vipande vidogo, kimoja mbali kidogo na kingine: nyama ya ng'ombe iliyoungwa viungo, mafuta ya nguruwe yenye chumvi, nyama mbichi yenye chumvi, nyama ya chumvi iliyochemshwa, mkate uliochacha, na kabichi mbichi. Akauingiza uzi ule kwa kupitia lile tundu, na kijana akaendelea na kazi zake za nyumbani. Saa moja baadaye daktari akauvuta, akaona kabichi na mkate vimeyeyuka karibu nusu, nyama bado ni nzima, akaurudisha. Saa iliyofuata akauvuta tena. Alasiri ile St. Martin alilalamika kwamba tumbo linamsumbua, mwili umelegea na kichwa kinamuuma, na hilo nalo likaandikwa. Katika miaka iliyofuata daktari alitia kipimajoto, akachota maji ya tumboni na kuyaweka chupani pamoja na nyama ili aone kama yatafanya kazi nje ya mwili, na yalifanya. Yote hayo aliyatoa katika kitabu mwaka 1833, chenye hitimisho 51, ambacho kiliweka wazi kwamba chakula huyeyushwa na maji ya tumbo yenye asidi, ile ile ya haidrokloriki tunayofundisha watoto shuleni leo. Ni kazi kubwa, na sitaki mtu yeyote asome tafakari hii akidhani nasimama hapa kuidharau.

Lakini kuna jambo dogo katika kumbukumbu zile ambalo limenisumbua. Beaumont aligundua kwamba hasira hubadili hali ya tumbo: nyongo hutokea, na chakula huchelewa kuyeyuka. Alilijua hilo kwa sababu siku nyingine St. Martin alikasirika. Basi hasira ya kijana iliingia daftarini pamoja na kabichi na mkate, ikaandikwa tarehe yake na matokeo yake. Sababu za kumkasirisha hazikuwa chache.

Katika mwaka huo huo wa 1825 St. Martin aliondoka bila kuaga, akarudi Kanada, akaoa, akapata watoto, akapiga makasia tena akiwa na tundu lake. Beaumont hakumwacha. Aliwaomba mawakala wa kampuni ya manyoya wamtafute, wakampata, na mwaka 1829 akaletwa pamoja na familia yake mpaka ngome ya Crawford, kando ya mto Mississippi, ambako alipasua kuni na kubeba mizigo ya nyumba ya daktari huku majaribio yakiendelea. Mwaka 1832 uliandikwa mkataba: kwa dola 150 pamoja na chakula na malazi, St. Martin ataambatana na daktari popote aendako kwa mwaka mzima, na atakubali kila jaribio. Hakujua kuandika, hivyo alitia alama ya msalaba. Baadaye aliandikishwa jeshini na kupewa cheo cha sajenti ili serikali ibebe mshahara wake. Mwaka 1834 alikwenda kwao kwa ruhusa, na safari hii hakurudi tena. Kwa muda wa miaka kumi na minane hivi Beaumont alimwandikia barua, akiahidi fedha, akinung'unika juu ya ukaidi wake, akitaka aje na kuiacha familia. Hata mwanawe alimtuma kwenda kumleta, akarudi mikono mitupu. Aliliomba pia Bunge la Marekani limrudishie gharama alizotumia kumtunza mgonjwa yule, nalo likamkatalia. Daktari alifariki huko St. Louis mwaka 1853, baada ya kuteleza kwenye ngazi zilizoganda barafu.

Sasa turudi kwenye mstari wetu. "Hata siku ya pili akatoa dinari mbili, akampa mwenye nyumba ya wageni, akisema, Mtunze huyu, na chochote utakachogharimiwa zaidi, mimi nitakaporudi nitakulipa." Angalieni neno hilo linaambiwa nani. Deni lipo, tena halijajulikana litafika wapi, lakini Msamaria analiweka juu ya kichwa chake mwenyewe na kulizungumza na mwenye nyumba ya wageni. Yule aliyejeruhiwa hasemi neno hata moja katika mfano wote. Hatuambiwi jina lake, wala kama alishukuru, wala kama alikuwa mtu mwema. Akipona ataamka, atajifunga mshipi, na kwenda zake Yeriko au kurudi Yerusalemu, na hakuna atakayetumwa kumtafuta. Msamaria akirudi atauliza ni kiasi gani, atalipa, ataendelea na safari.

Beaumont na Msamaria walifanana kabisa siku ya kwanza. Wapo watakaosema kwamba daktari alimlipa kijana, kwamba nyakati zile hazikuwa na taratibu za kulinda wagonjwa kama leo, na kwamba bila majaribio yale wengi wangeendelea kutibiwa kwa kubahatisha. Nakubali yote matatu. Hata hivyo naona kwamba mahali fulani kati ya bandeji na uzi wa hariri, mtu aliyeokolewa aligeuka kuwa mali ya aliyemwokoa, na daktari mwenyewe hakuiona siku hiyo ilipofika, kwa sababu alikuwa bado akimlisha na bado akimvika. Huruma yake haikukoma. Iliota madai ndani yake.

Nasi je? Ni mara ngapi kwenye kikao cha ukoo tumesikia, au tumesema wenyewe, "Huyu mimi ndiye niliyemsomesha," na kijana aliyesomeshwa, sasa mwenye mke na kazi, anainamisha kichwa kwa sababu hana la kujibu? Ni mabinti wangapi waliotolewa vijijini kwa ahadi ya shule, wakapewa kweli chakula na kitanda, na mwaka wa nne bado wanaosha vyombo vya nyumba ile kwa sababu waliambiwa wasisahau walikotolewa? Na sisi wa kanisa tusijitoe. Tunampelekea mjane mfuko wa unga, na kabla hajaupokea tunamsimamisha mbele ya simu, aushike vizuri, atazame huku, atabasamu kidogo. Jioni picha inazunguka katika makundi yote, na watoto wake wanaiona shuleni. Ndugu aliyeacha pombe anaitwa kila semina aeleze tena alivyolala mtaroni, mwaka wa kwanza, wa tatu, wa saba, na akisema amechoka kulisimulia tunamwona amepoa kiroho. Pengine hakupoa. Pengine anataka kidonda chake kifungwe kama vya watu wengine.

St. Martin aliishi miaka 27 baada ya daktari wake kufa, akilima na kulea watoto katika umaskini, na akafa mwezi Juni 1880 huko Quebec. Madaktari walikuwa wakiutaka mwili wake kwa uchunguzi na kwa jumba la makumbusho. Familia ilikataa. Waliuacha mwili nyumbani katika joto la kiangazi mpaka ukaharibika kabisa, kiasi kwamba wakati wa misa ya mazishi ulilazimika kukaa nje ya kanisa, kisha wakachimba kaburi la futi 8 ili asije mtu usiku kuufukua. Jamii yake ilipaswa kumlinda dhidi ya watu wenye elimu, wenye nia njema, waliojua thamani ya tumbo lake kuliko walivyomjua yeye.

Bwana wetu alimalizia kwa kumwambia mwanasheria, "Enenda zako, nawe ukafanye vivyo hivyo." Juma hili kila mmoja wetu amtaje mbele za Mungu, kwa jina, mtu mmoja aliyewahi kumsaidia, na auombee uhuru wake: uhuru wa kutopiga simu, wa kuhama kanisa, wa kuwa na maoni tofauti na yetu. Kama kuna picha yake kwenye simu zetu ambayo asingependa ionekane, tuifute. Kwa maandalizi ya juma lijalo someni 2 Wafalme sura ya 5 yote, mkimtazama Elisha aliyekataa zawadi za Naamani, na Gehazi aliyekimbia nyuma ya gari kuzifuata.