Tulivyojenga bila kufunga hospitali, na siku niliyopanda machela mwenyewe

Kuna mtaalamu mmoja alikuja kwenye kikao, kapiga suti, akatuambia "fungeni miezi sita, wagonjwa waende kwingine." Kwingine wapi bwana? Hospitali inayofuata ni mwendo wa saa mbili na ushee barabara ya vumbi, na leba haina likizo. Mimi ndio nilikuwa katibu wa afya pale, hospitali ya wilaya, enzi zile za fedha za UVIKO (korona) za 2021, ile trilioni 1.3 ya mkopo wa IMF, na sisi tukaangukiwa na jengo la dharura. Sawa, tumshukuru Mungu, ila kiwanja walichotupimia ndio kilekile inapopita korido ya kutoka leba kwenda theatre, chumba cha upasuaji.

Wiki ya kwanza tu kijiko kikakata bomba kubwa la maji. Ramani ya halmashauri inasema bomba liko kushoto, bomba lenyewe liko kulia. Autoklevu, mashine ya kuua vijidudu kwenye vifaa vya upasuaji, ikazimika, leba wanaomba ndoo, ndugu wa wagonjwa wananitukana mpaka boza lilipofika saa tisa. Kesho yake nikamtafuta mzee aliyekuwa fundi bomba wetu, kastaafu miaka mingi, anatembea na mkongojo. "Shikamoo mzee, nisaidie." Akazunguka eneo lote anagonga chini na mkongojo, hapa maji, hapa umeme, hapa shimo la zamani la choo usipapitie, na kijana nyuma yake anamwaga chokaa. Alimaliza kabla ya adhuhuri, nikampa kama elfu hamsini na chai. Ile ramani ya halmashauri nikaifungia vitumbua.

Vumbi nalo nilijifanya mjanja, nikatundika turubai mlango wa theatre. Upepo ukapiga likajaa kama tanga la jahazi, likapuliza vumbi lote ndani, daktari akasimamisha upasuaji nusu siku na hakuniamkia wiki nzima. Mkitenga eneo piga plaiwudi kuanzia sakafu mpaka dari na mzibe nyufa, msinifuate mimi na turubai.

Sasa njia ya leba. Mama akihitaji upasuaji wa haraka, lengo ni mtoto awe ametoka ndani ya dakika 30 tangu daktari aamue, na injinia akaniambia njia ya kuzunguka nyuma ya jiko "ni dakika tatu tu katibu". Labda kwa miguu yake na mikono mitupu. Nikasema mimi napanda machela, mnisukume, matroni ashike saa. Mimi ni kilo mia na kidogo. Wahudumu wawili na mlinzi wakaanza kwa mbwembwe, tulipofika kwenye kokoto gurudumu la mbele likazama, machela ikainama, nikateleza nikabaki nimening'inia kama gunia la mkaa, mama lishe pale jikoni wanalia kwa kicheko. Wakanivuta, tukafika mlango wa theatre, ukawa mwembamba, machela haikati kona! Dakika kumi na moja. Matroni hakucheka, alinionyesha saa tu. Injinia naye akaanza kuangalia simu.

Jioni ileile tukachukua mbao za shata za mafundi (zile za kumwagia zege), tukazipanga juu ya kokoto na kuzipigilia, na ule mlango tukauvunja kuupanua, gharama nadhani haikufika laki tatu. Nikapanda tena, dakika nne, na usiku taa ya sola njiani maana umeme ulikuwa unakatwa bila taarifa (jenereta lijaribiwe kila wiki, tena likiwa limebeba mzigo, sio kuunguruma tu).

Mabango ya mishale nilichapisha mengi, hayakusomwa na mtu. Kilichosaidia ni bodaboda wa getini. Kila Jumatatu asubuhi nakwenda kijiweni kwao, "vijana, wiki hii kliniki ya mama na mtoto mnaingilia geti la mochwari," basi imeisha hiyo, ingawa geti lenyewe lilileta maneno, kuna bibi aligoma kabisa kumpitisha mjukuu wake pale ikabidi tumfungulie la wafanyakazi.

Mlinzi mpaka leo akiniona anauliza, "Bosi, leo unapasuliwa?" Na zile mbao injinia alizidai kila kikao, matroni akamjibu atazipata korido ikishamwagwa zege.