Mikunjo ya bibi

Leo nimechagua printa. Hatimaye!

Nimechapisha picha ileile ya bibi, nyeusi na nyeupe, kwa printa mbili, karatasi ileile ya pamba.

Ya kwanza ina wino mweusi mmoja tu. Kijivu inakipata kwa kuchanganya rangi nyingine, na shavu la bibi likaingia ukijani. Roho iliniuma.

Ya pili ni ya pigmenti, yaani wino wa chembe ndogo sana za rangi, na ina wino wa kijivu wa aina 2.
Mikunjo chini ya jicho ikatoka mmoja mmoja.
Hata nyuzi za mtandio, kule gizani kabisa.

Nilisimama nayo dirishani, sikutaka kuiweka chini.

Nimechukua hiyo, inayochapisha hadi karatasi ya A3+, milimita 329 kwa 483. Wino ni ghali, lakini pigmenti haipauki upesi.

Wenzangu, mnachapisha kila baada ya siku ngapi ili kichwa cha printa, kile kinachotoa wino, kisizibe?