Simu moja ilivyotufungia barua pepe nyumba nzima

Saa mbili asubuhi niko Darajani nachagua samaki, simu inalia. Bi Mkubwa mwenye nyumba ya wageni kule Shangani, ninayemtunzia seva ya barua pepe. "Mwanangu, barua pepe zimekufa. Mapokezi hawapati, mhasibu hapati, na wageni wa leo habari zao zote zimo humo."

Nikajaribu kwa bando langu palepale. Inafunguka. Basi seva nzima, ila imeikataa nyumba. Watu wote mle wanatoka nje kwa anwani moja ya IP, ya ile ruta juu ya kabati la mapokezi. Ikifungiwa hiyo, wamefungiwa wote.

Kwenye logi, kumbukumbu za seva, nikakuta akaunti ya mapokezi inashindwa kuingia, mara kwa mara, kuanzia saa 12:40 alfajiri. Jana yake nilikuwa nimebadilisha nywila yao maana kijana mmoja ameacha kazi. Kompyuta nilizipitia zote, nikaona nimemaliza.

Sasa, nywila ikikosewa, Dovecot, programu ya seva inayowapa watu barua zao, haikati muunganisho papo hapo. Inazuia jibu sekunde 2, inasema hapana, halafu inakuacha ujaribu tena. Ukizidi kukosea kutoka IP ileile, kusubiri kunapanda mpaka sekunde 15. Postfix nayo, programu ya upande wa kutuma, inakujibu 535, yaani umekataliwa kuingia, na laini inabaki wazi. Makosa yakifika 20 ndipo inakuaga kwa 421 na kukata laini. Ninachokipenda kwa Dovecot ni hiki: jina na nywila vikiwa vilevile vilivyomo katika majaribio 10 ya mwisho, haiongezi adhabu. Mwizi hujaribu funguo mbalimbali. Anayerudia ufunguo mmoja huenda ni wa humo humo ndani, hajui tu kama kitasa kimebadilishwa.

Fail2ban, programu ya mlinzi wa seva, haina busara hiyo. Yenyewe inasoma logi na kuhesabu: makosa 5 ndani ya dakika 10, inafunga IP. Kwa kawaida inafunga dakika 10 tu. Saa 24 niliziweka mimi, kwa hasira za kuchoka na wavamizi, kwa hiyo lawama hapa ni zangu.

Nikaifungua IP, nikakimbilia Shangani kabla haijafungwa tena. Tukatafuta kila kifaa. Kikaonekana jikoni, juu ya friji, kimechomekwa chaji: simu kuukuu ya mapokezi, kioo kimepasuka, ilikuwa imezimika tangu juzi, na bado ina nywila ya zamani. Nikaifuta ile akaunti kwenye simu. Muda wa kufungia nikaushusha hadi saa moja, makosa nikayapandisha hadi 10. Kuiweka IP ya nyumba kwenye orodha ya wasioguswa sikutaka. Kompyuta moja mle ikipata kirusi, nani ataizuia?

Mpishi alikuwa ananitazama tu. "Kaka, mimi barua pepe siijui. Nimeichaji nipige picha chapati."