Futari ya saa nne usiku

Ramadhani yangu ya kwanza Glasgow, Uskoti, ilikuwa Juni 2015. Siku ya pili yake mama akanipigia simu kutoka Tanga. Kule ilikuwa inakaribia saa mbili za usiku, yeye ameshakula muhogo wake wa nazi na uji wa pilipili manga, anajifunga mtandio aende tarawehe.

"Mmeshafuturu, mwanangu?"

"Bado, mama."

"Bado nini? Huko mwezi haujaandama?"

"Umeandama, mama. Jua ndilo halitaki kuzama."

Akacheka, akadhani namtania. Nikasogeza simu dirishani, nikawasha video. Saa yangu ilikuwa inasema kumi na moja na dakika arobaini jioni na jua liko angani pale ambapo Tanga lingekuwa saa tisa alasiri. Mama akanyamaza, kisha akaniuliza litazama lini. Nikamwambia saa nne na dakika tano usiku. Wakati huo kwenu itakuwa imepita saa sita, utakuwa umelala. Akasema, "Subhanallah," akakata simu, maana imamu alikuwa amekwisha kukimu.

Sisi saa yetu imetoka kwa jua. Saa kumi na mbili maana yake jua linaingia au linatoka, basi. Mtoto wa pwani anajua swaumu ni saa kumi na tatu hivi, iwe masika, iwe kiangazi. Ramadhani inarudi nyuma siku kumi au kumi na moja kila mwaka, inazunguka miezi yote ya kizungu kwa miaka kama thelathini na tatu, na mtu wa Tanga hagundui chochote ila joto limezidi au limepungua. Nilidhani ndivyo dunia ilivyo. Kumbe ni zawadi ya ikweta, na mimi nilikuwa nimeiacha uwanja wa ndege pamoja na embe alizonikataza mtu wa forodha.

Glasgow mwezi wa sita giza lenyewe haliji sawasawa. Anga upande wa kaskazini linabaki na weupe usiku kucha, ndiyo maana hata ratiba za misikiti hazikubaliani alfajiri inaingia lini: mmoja unakwambia acha kula saa saba na nusu usiku, mwingine saa tisa. Kwa hesabu yoyote ile unafunga saa kumi na tisa, pengine na ushee. Wenzetu walio Tromsø, kule Norwei, ambako jua halizami kabisa kwa zaidi ya miezi miwili, wengine wanafuata saa za Makka. Kwa hiyo sikuwa na haki ya kulalamika sana. Nililalamika hivyohivyo.

Kazi yangu ilikuwa, na bado ni, kuhudumia wazee kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Kazi hiyo inakufundisha mwili kuliko kitabu. Kila mzee ana karatasi yake ya maji: kikombe hiki mililita 150, glasi ile 200, unaandika, jioni unajumlisha. Nimeona mzee mwenye akili zake timamu anaanza kuniita kwa jina la dada yake aliyekufa zamani, muuguzi anatazama karatasi, anakuta jana alikunywa vikombe viwili tu. Chooni tuna bango la rangi ya mkojo, kutoka rangi ya majani makavu mpaka rangi ya chai ya rangi. Basi fikiria mimi, saa kumi jioni, ninamsihi bibi wa miaka tisini, "Funda moja tu, mpenzi," huku ulimi wangu umegandamana na kaakaa.

Siku ya tatu nikajitazama kwenye lile bango. Nilikuwa mwishoni mwa orodha. Nikaogopa, nikamuuliza muuguzi wa zamu, Mnigeria mmoja Muislamu mwenye kicheko kikubwa. Akaniambia mkojo mzito ni figo zinafanya kazi yake: ubongo unatoa homoni inayoziambia zibane maji, zisiyamwage ovyo. Kwa mtu mzima wa afya, hilo la siku moja halimdhuru, mradi usiku ayarudishe. Shida yangu ilikuwa jinsi nilivyoyarudisha. Nilikuwa nakunywa lita nzima kwa mkupuo dakika kumi kabla ya adhana, kama ngamia. Mwili hauna tangi. Maji yakizidi kwa ghafla, figo zinayatoa, na kabla ya saa moja asubuhi nimekwenda haja ndogo mara tatu, nimerudi sifuri. Tangu hapo nakunywa kidogokidogo toka kufuturu mpaka daku, na daku nakula vya kushika maji: tango, tikiti, uji wa shayiri. Waskoti wana uji wa shayiri mzuri sana, sema wanautia chumvi. Mimi natia nazi ya kopo na iliki.

Na njaa je? Ndilo swali kila mtu kazini ananiuliza, na jibu langu huwa linawakatisha tamaa. Njaa ni jambo dogo. Saa nne tano za mwanzo mwili unaishi kwa daku. Daku ikiisha, ini linafungua ghala lake la sukari, wanaloliita glaikojeni, linaitoa taratibu kwenye damu. Ghala likipungua, mafuta yanazidi kuchomwa. Mtu asiye na maradhi sukari yake inabaki mahali pake siku nzima. Hata ule mngurumo wa tumbo unakuja kwa mawimbi, unakuja saa ya chakula cha mchana ulichozoea, usipoujibu unaondoka zake. Nimefunga tangu nina miaka tisa. Njaa nimeshaifahamu tabia yake.

Kinachonipiga mimi ni chai. Mtu wa zamu huku anaishi kwa chai nzito ya maziwa, vikombe vitano au sita kwa siku, na kafeini ukiikata ghafla inakudai. Kama nusu siku baada ya kikombe cha mwisho kichwa kinaanza kugonga nyuma ya macho, siku ya kwanza na ya pili ndiyo balaa, halafu kinaisha chenyewe. Miaka yote ya nyumbani nilikuwa nasema "swaumu kali" siku ya kwanza ya Ramadhani. Haikuwa swaumu, ilikuwa kahawa ya marehemu babu. Sasa Shaaban ikiingia katikati naanza kupunguza kikombe kimoja kila siku tatu. Watu wanavunja jungu kwa pilau, mimi navunja jungu na birika langu.

Cha pili ni usingizi, na hiki sijakipatia dawa. Piga hesabu ya Juni: unafuturu saa nne, isha na tarawehe zinakupeleka mpaka baada ya saa sita, daku saa nane, unalala saa tisa, zamu inaanza saa moja na nusu asubuhi. Wiki ya pili nilimvalisha babu mmoja sweta kinyumenyume, naye kwa adabu ya Kiskoti hakusema neno mpaka jioni. Watu wanaona mfungaji anasinzia wanasema amelegea kwa njaa. Mletee kitanda, msimletee sahani.

Uzito sina la kujisifu. Wengi wanapungua kilo moja hivi kwa mwezi, na baada ya Idi inarudi kwa mlango uleule. Mimi Ramadhani ya 2015 niliongezeka kilo mbili, kwa sababu ya kaimati. Ukiwa mbali na kwenu futari inakuwa ndiyo kwenu, na huwezi kula kwenu kidogo.

Oktoba 2016, Yoshinori Ohsumi wa Japani alipopewa tuzo ya Nobel, simu yangu ilijaa ujumbe: mwanasayansi amethibitisha swaumu inasafisha sumu na kutibu saratani. Dada zangu wote wawili walinitumia, na shangazi, na yule jamaa wa kundi la shule ya msingi asiyesemaga chochote. Nikaenda kusoma. Alichochunguza Ohsumi ni hamira. Ndiyo, hamira, jamii ileile tunayotia kwenye mkate wa kumimina. Aliinyima chakula akaona chembe hai zake zinakusanya takataka zake za ndani na kuzivunjavunja zitumike tena. Ni ugunduzi mkubwa, na chembe zetu pia zina mtambo huo. Lakini hakumfungisha mtu Ramadhani, wala hakusema ukila sambusa saba magharibi utapona. Sumu zinatolewa na ini na figo kila siku, hata Jumatatu ya Mfungo Mosi. Nilipoandika hivyo kundini, shangazi akanijibu, "Ulaya imekuharibu." Mimi naona swaumu haihitaji cheti cha Nobel. Tunafunga kwa kuwa tumeamrishwa, na aliyetuamrisha hakutuahidi kiuno chembamba.

Ila ujumbe wa namna hiyo una madhara, na hapa ndipo ninapotaka kufika.

Nina ami yangu huku, mdogo wake marehemu baba, baharia wa zamani aliyeshuka melini miaka ya themanini akabaki. Ana kisukari cha ukubwani. Juni ile ya 2016, jioni moja ya Jumamosi, nilikwenda kwake kumpikia futari. Saa mbili usiku, jua bado linawaka, zimebaki saa mbili. Nilimkuta anagombana na redio. Nikamwamkia, "Shikamoo ami," akanijibu kwa ukali kwamba nimechelewa, halafu akaniuliza mimi ni nani. Shati lilikuwa limelowa jasho, mikono inatetemeka. Karatasi zangu zote za kazini zilinijia kichwani kwa pamoja. Nikachukua kile kipimo chake cha sukari, akauficha mkono: "Damu inafunguza!" Nikamshika kwa nguvu, Mungu anisamehe, nikamchoma kidole. 2.9, kwa kipimo cha milimoli kwa lita. Chini ya 4 ni hatari. Nikamimina juisi ya machungwa glasi moja, nikamshikia mdomoni. Alikunywa nusu, nusu ikamwagika kanzuni. Dakika kumi na tano nikapima tena, 4.3. Macho yakarudi mahali pake.

Kitu cha kwanza alichosema: "Umenifunguza."

"Nimekufunguza, ami."

"Zimebaki saa mbili tu."

"Ungezimalizia mochwari."

Hatukusemeshana mpaka Idi. Baadaye ndipo nikajua yaliyotokea. Alikuwa anameza gliclazide yake wakati wa daku, kipimo kilekile cha kila siku. Dawa hiyo inalikamua kongosho litoe insulini, homoni ya kushusha sukari, uwe umekula au hukula. Saa kumi na nane bila chakula, inaendelea kuvuta sukari isiyokuwepo. Daktari hakuwa na kosa, maana ami hakumwambia kwamba anafunga. Aliogopa atakatazwa. Na ule ujumbe wa simu wa "fungeni mpone" alikuwa nao, toleo la kabla ya Ohsumi, amempa mpaka jirani.

Hayuko peke yake. Uchunguzi uliofanywa mwaka 2001 katika nchi 13, kwa watu zaidi ya 12,000 wenye kisukari, ulikuta wenye kisukari cha aina ya pili, yaani hicho cha ukubwani, karibu wanane kati ya kumi walifunga angalau siku kumi na tano. Na hao, matukio makali ya sukari kushuka yaliongezeka zaidi ya mara saba ndani ya Ramadhani. Si kwamba kila mwenye kisukari hawezi kufunga. Wako wanaoweza, dawa ikibadilishwa aina au saa. Ila hilo linapangwa na daktari wiki sita mpaka nane kabla mwezi haujaandama, na ukiwa umefunga unapima. Tone la damu la kidoleni halifunguzi. Mashekhe wengi wameshalisema hilo. Ikiwa chini ya 3.9, au juu ya 16.6, unafungua palepale, hata adhana iwe inasikika kwa jirani.

Aliyemtuliza ami ni shekhe mmoja mzee, si mimi. Alikuja nyumbani, akamsomea aya ya 184 na ya 185 za Baqara, mgonjwa na msafiri na hesabu katika siku nyingine, na fidia ya kumlisha masikini kwa asiyeweza. Akamuuliza: "Wewe ulikuwa baharia. Nahodha akikwambia usipande mlingoti leo, utasema amekunyima thawabu?" Ami akatazama chini. Tangu mwaka 2017 anatoa fidia Tanga, kila siku anamlisha mtu mmoja, na anapenda apigiwe simu aambiwe wamepika nini.

Mimi siku zangu za uanamke zilizonipita Juni nilizilipa Desemba. Siku kwa siku, si saa kwa saa, ndivyo inavyolipwa. Basi siku ya Juni ya saa kumi na tisa niliilipa kwa siku ya Desemba ya saa tisa, nafungua saa kumi kasoro robo jioni, zamu haijaisha. Nilijisikia kama nimemdhulumu mtu. Mama aliposikia alisema Mungu ndiye aliyeweka hesabu, mimi nile tende ninyamaze.

Na Ramadhani yenyewe inaelekea hukohuko. Imeshatoka kwenye kiangazi, sasa iko mwishoni mwa baridi, na mwaka 2030 itaingia mara mbili, Januari na tena Desemba. Ami amepata habari. Juzi nimempelekea vitumbua, akaniweka kitako.

"Desemba ile uliyonihadithia, ni saa tisa kweli?"

"Tisa na kitu, ami."

"Saa tisa mimi nalala tu usingizi zikapita."

Nikamwambia hilo akamuulize daktari wake, si mimi. Akasema ameshaandikisha miadi.

"Ya 2030?"

"Ya Jumanne," akasema, akachukua kitumbua cha pili, akakumbuka, akakigawa nusu.